Wazo Usilolitaka: Somo kuhusu Mawazo Yanayojipenyeza na Maradhi ya OCD

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya kaya zinazozungumza Kiswahili hapa London, awe mtu ametoka Unguja au Mombasa, Bukavu au Barawa, Kampala au Maskati. Linamhusu mtu anayesumbuliwa na mawazo asiyoyataka. Linawahusu vilevile wanaoishi naye chini ya dari moja, kwa sababu maradhi haya huwatia kazini watu wote wa nyumbani.

Wazo linalojipenyeza ni nini

Mama amesimama jikoni anakata vitunguu, na mtoto wake mchanga amelala karibu. Ghafla linampitia wazo: je, nikimchoma kwa kisu hiki? Kijana anasubiri treni ya chini ya ardhi. Treni inapotokeza, anajiona akimsukuma mzee aliyesimama mbele yake. Mtu yumo katika sala, na katikati ya sijida linamjia tusi dhidi ya Mwenyezi Mungu. Mwingine anaona akilini picha ya aibu inayomhusu ndugu yake wa damu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeliita wazo lake, na kila mmoja limemtia hofu na karaha.

Mawazo ya namna hii huwajia binadamu wote. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili waliofanya kazi hapa London, Stanley Rachman, mzaliwa wa Afrika Kusini, na Padmal de Silva, mzaliwa wa Sri Lanka, walichapisha utafiti wao kuhusu jambo hili. Waliwauliza watu wasio na maradhi yoyote kama hujiwa na mawazo ya kutisha au ya kuchukiza, na wengi walikubali. Kisha waliyachanganya mawazo ya watu hao na ya wagonjwa, wakawapa wataalamu wayatenganishe; wataalamu hawakuweza kuyatenganisha vizuri. Mwaka 2014 watafiti wengine walitoa matokeo ya wanafunzi 777 wa vyuo vikuu katika nchi 13, Sierra Leone ikiwa mojawapo. Takriban 94 kati ya kila 100 walisema kwamba katika miezi mitatu iliyopita walikuwa wamejiwa na angalau wazo moja la aina hiyo.

Basi tofauti kati ya mgonjwa na mzima haimo katika wazo lenyewe. Imo katika yale yanayofuata. Mzima hushtuka, husema moyoni "wazo gani hili!", na kitunguu huendelea kukatwa. Mwenye OCD hulichukua wazo lile kuwa habari muhimu juu ya nafsi yake: huenda mimi ni muuaji, huenda imani yangu imeharibika, nikikaa bila kufanya kitu na baya likatokea lawama ni yangu. Na kwa kawaida wazo humng'ang'ania mtu pale anapopathamini zaidi. Mcha Mungu hujiwa na kufuru, mzazi mwenye huruma hujiwa na picha ya kumdhuru mwanawe. Wazo humwumiza kwa sababu linapingana na vile alivyo.

Madaktari wa nchi hii huyaita maradhi haya OCD, herufi tatu zinazotamkwa o-si-di. Kiswahili hakina jina moja lililokubaliwa na wote. Tunaweza kuyaeleza kuwa ni maradhi ya mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya kulazimika. Inakadiriwa kwamba humpata mtu 1 au 2 kati ya kila 100. Kitendo cha kulazimika ni kile ambacho mtu hukifanya ili kuituliza hofu: kunawa mikono mpaka ngozi ikapasuka, kurudi ghorofa ya saba kukagua jiko la gesi, kurudia udhu, kuhesabu, kuficha visu vyote vya nyumbani. Vingine havionekani kwa macho. Mtu anaweza kukaa kimya kwenye kochi huku moyoni akisoma istighfari ya mia mbili ili kulifuta wazo moja, au akipekua kumbukumbu zake kuhakikisha kwamba hakumgonga mtu kwa gari. Watu wa nyumbani humwona amepumzika, kumbe anafanya kazi ngumu kuliko wote.

Kwa nini kupigana na wazo hulipa nguvu

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake huko Marekani waliwaomba wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe, na kila wanapomfikiria wapige kengele. Kengele zililia. Na wale waliokatazwa kwanza, waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Akili haiwezi kulilinda lango dhidi ya kitu bila kukitazamia kila dakika.

Vitendo vya kulazimika navyo vina hila yao. Ukilikagua jiko, hofu hupungua kweli, lakini kwa muda mfupi. Akili hujifunza kwamba hatari ilikuwepo na kwamba kukagua ndiko kulikokuokoa. Kesho itadai ukague mara mbili. Kwa njia hiyo dakika mbili za kufunga mlango huwa nusu saa, na mtu huanza kuchelewa kazini, kisha huacha kutoka.

Hapa panahitaji tahadhari moja inayozihusu kaya zetu. Mtu anayesubiri uamuzi wa hifadhi, au mwenye mwajiri asiyelipa, ana hofu yenye sababu, na hofu hiyo si OCD. Kuisoma barua ya idara ya uhamiaji mara tatu ni busara. Kuisoma mara sitini usiku kucha, huku ukijua kwamba haijabadilika, ni jambo jingine. Mara nyingi vyote viwili hukaa ndani ya mtu mmoja, na dhiki ya maisha huyazidisha maradhi. Kwa hiyo mwambie daktari habari zote mbili.

Wasiwasi, dini na shaka

Neno letu wasiwasi limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni mnong'ono: kile kinachonong'onezwa moyoni bila ya mtu kukitaka. Leo tunalitumia kwa hofu yoyote ile, lakini wazee wa pwani bado humwita "mtu wa wasiwasi" yule asiyemaliza udhu. Jambo hili basi si ugonjwa wa Kizungu tuliokuja kuambukizwa Ulaya. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, na humo akatenga nafasi ya kueleza wasiwasi wa aina hii pamoja na tiba yake. Katika Sahihi Muslim imepokewa habari ya masahaba waliomlalamikia Mtume kwamba hujiwa na mawazo mazito wasiyothubutu kuyatamka. Hawakukemewa, bali waliambiwa kwamba kule kuyachukia ni alama ya imani. Wanafikihi nao wana kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka: uliyejua kwamba umetawadha, una udhu, hata shaka ikupigie kelele namna gani. Na kuosha kila kiungo mara tatu ndio ukomo wa sunna. Mara ya nne haikuongezei kitu.

Kwa Wakristo habari ni ileile. John Bunyan, ambaye kitabu chake cha safari ya Mkristo kimesomwa kwa Kiswahili Afrika Mashariki kwa zaidi ya karne, alisimulia katika maisha yake, mwaka 1666, jinsi alivyoandamwa mchana na usiku na wazo la kumwuza Kristo, akawa analijibu na kulikana bila kupumzika mpaka akachoka kabisa. Kaburi lake liko hapa London, katika makaburi ya Bunhill Fields, na wapita njia wengi wa Old Street hawajui kwamba hapo amelala mtu aliyeteswa na mateso yao wenyewe. Muumini anayerudi kuungama dhambi ileile kila siku, asiridhike na maondoleo, amweleze padri au mchungaji wake waziwazi kwamba ana maradhi haya, ili wakubaliane juu ya mpaka.

Sala na maombi hayapingani na matibabu. Linalopingana nayo ni kuigeuza dua kuwa kitendo cha kulazimika, au kumwendea mtu anayedai fedha nyingi na kukuamuru utupe dawa. Mtoto anayerudiarudia jambo asiambiwe kwamba ana jini au kindoki. Kumpiga, kumfungia au kumnyima chakula kwa sababu hiyo ni kosa la jinai katika nchi hii, na maradhi yake huzidi.

Wazo linapokuja

Jizoeze kulitaja kwa jina: "Hili ni wazo la OCD." Lisemwe mara moja, bila kubishana nalo na bila kulitafutia ushahidi, likisemwa mara ishirini, nalo limekwisha kuwa kitendo cha kulazimika. Wazo hili ni mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Huna haja ya kumkaribisha kiti wala ya kumsukuma nje; wewe endelea kukata vitunguu vyako, kisu mkononi, mtoto palepale alipo. Hofu itapanda, na haipendezi. Ukiiacha bila kuifanyia kitu, mara nyingi itashuka yenyewe, na hata isiposhuka leo, utakuwa umejionea kwamba inabebeka.

Kama huwezi kukiacha kabisa kitendo cha kulazimika, kicheleweshe. Leo dakika tano, wiki ijayo kumi na tano. Ukishindwa mara moja, usianze kujihukumu. Hiyo nayo ni njia nyingine ya OCD ya kukuweka mahakamani.

Wanaoishi naye

Katika nyumba nyingi mazungumzo huwa hivi:

"Baba watoto, una hakika gesi imezimwa?"

"Imezimwa, mama. Nimeiona kwa macho yangu."

Dakika tano hazijapita, swali ni lilelile. Mume anajibu kwa upendo mara ya kwanza, kwa uchovu mara ya sita, kwa ukali mara ya kumi, kisha wote wawili hulala wakiwa wamenuniana. Jibu la "usijali, imezimwa" ni kama kukagua jiko, isipokuwa sasa mkaguzi ni mtu mwingine. Hutuliza kwa dakika tano na kulisha maradhi kwa siku nzima.

Lakini kukataa kujibu kwa ghafla, bila makubaliano, huonekana kuwa ukatili. Kaeni wakati wa utulivu, si wakati wa hofu, mkubaliane maneno yatakayotumika. Yanaweza kuwa haya: "Mama watoto, naona hofu imekushika. Tulikubaliana kwamba swali hili silijibu. Njoo tukae pamoja mpaka ipungue." Anzeni na swali moja jepesi, si yote kwa pamoja. Na watoto wasifanywe wakaguzi wa milango wala mashahidi wa usafi wa mama au baba. Mtoto hawezi kumkatalia mzazi, na huanza kuamini kwamba usalama wa nyumba umo mikononi mwake.

Ikiwa mgonjwa ni bibi au babu, vijana wengi huona haya kumkatalia mkubwa. Heshima hapa ni kumpeleka kwa daktari na kukaa naye, kuliko kumfulia shuka mara nne kwa siku kama anavyoagiza.

Namna ya kumweleza daktari

Sehemu hii tunaomba isomwe polepole, kwa sababu wagonjwa wanaozungumza Kiswahili hupotezwa na tafsiri, na matokeo yake huwa makubwa.

Sisi husema "nasikia njaa", "nasikia baridi". Mtu akisema "nasikia kama naambiwa nimwumize mtoto", huenda anamaanisha kwamba wazo limemjia kwa nguvu; mkalimani mwenye haraka anaweza kumwambia daktari kwamba mgonjwa husikia sauti, na hayo ni maradhi mengine kabisa, yenye dawa nyingine. Husema pia "mvua inataka kunyesha" na "nilitaka kuanguka", bila ya kuwepo matakwa yoyote. Basi "nilitaka kumsukuma" inaweza kumfikia daktari ikiwa nia ya kudhuru. Na "nina mawazo", ambayo kwetu ni huzuni au dhiki, haimwambii daktari kitu.

Afadhali useme hivi, ukiacha lolote lisilo kweli kwako: "Hujiwa na mawazo ya kutisha bila hiari yangu. Sitaki kuyatenda, na yananiogopesha. Ni mawazo yangu mwenyewe. Sisikii sauti kwa masikio. Ili kuyatuliza, hujikuta nikirudia jambo fulani mara nyingi, na hunipotezea saa kadhaa kwa siku. Nadhani huenda ni OCD." Unaweza kuyaandika na kuyasoma.

Omba mkalimani wa NHS. Ni bure, na ni kazi ya kituo kumtafuta, si yako. Usimtumie mwanao wala jirani. Jamii zetu hapa ni ndogo, na hofu ya siri kuvuja ndiyo inayowafunga wengi midomo. Kwa hiyo unaweza kuomba mkalimani wa simu, umwombe mwanamke kama wewe ni mwanamke, na useme kama Kiswahili chako ni cha Kongo au cha pwani. Mkalimani wa NHS hana ruhusa ya kuyatoa nje uliyosema.

Wazazi wa watoto wachanga huogopa zaidi: nikisema, watamchukua mtoto wangu. Hofu hiyo tunaielewa. OCD huanza au huzidi kwa akina mama wengi wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua, na wakunga na wauguzi wanaotembelea nyumba wamekwisha kuisikia. Mwongozo wa kitaifa wa matibabu ya OCD, uliotolewa na taasisi ya NICE mwaka 2005, unawaonya wahudumu wenyewe kwamba mawazo ya aina hii mara nyingi hueleweka vibaya kuwa ishara ya hatari, na kwamba asiye na hakika aombe ushauri wa mtaalamu wa OCD. Ukiona anayekusikiliza ameshtuka, omba upelekwe kwa timu ya afya ya akili ya wazazi. Hali iliyo tofauti, na ya dharura, ni mama aliyejifungua karibuni ambaye halali kabisa, amechanganyikiwa, husikia sauti, au anaamini kwamba mawazo yale ni amri ya haki inayopaswa kutekelezwa. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Matibabu

Hadi miaka ya 1960 madaktari wengi waliamini kwamba maradhi haya hayatibiki. Mwaka 1966 Victor Meyer, mwanasaikolojia wa hospitali ya Middlesex hapa London, alichapisha habari za wagonjwa wawili aliowasaidia wakabiliane na kile walichokiogopa huku wakizuiwa kufanya vitendo vyao vya kulazimika. Walipata nafuu kubwa. Njia hiyo, iliyoboreshwa tangu hapo, ndiyo msingi wa tiba ya mazungumzo inayotolewa leo. Mgonjwa na mtaalamu hupanga ngazi, kuanzia jambo linaloogopesha kidogo hadi linaloogopesha sana. Anayerudia udhu anaweza kuanza kwa kutawadha mara moja, kwa maji ya kiasi, na kusali papo hapo hali moyo unamdunda. Hakuna anayelazimishwa kufanya kitu kilichoharamishwa na dini yake. Mwambie mtaalamu mpaka uko wapi, na kama hujui, imamu au mchungaji ashirikishwe.

Ziko pia dawa, kama vile sertralini na fluoksetini. Huchukua muda, pengine hadi wiki 12, kabla ya kuonyesha faida yote, na zikifaa huendelea kutumiwa kwa angalau mwaka mmoja. Wiki za mwanzo baadhi ya watu huhisi kutotulia. Mjulishe daktari, hasa mawazo ya kujiua yakitokea au yakizidi. Usiziache kwa ghafla, hata ukijua kwamba una mimba: piga simu kwanza.

Mahali pa kuanzia

Mwenye umri wa miaka 18 au zaidi anayeishi Uingereza anaweza kujiandikisha mwenyewe kwa huduma iitwayo NHS Talking Therapies bila kupitia kwa daktari, haina malipo. Wa chini ya umri huo huanzia kwa daktari wa familia, yaani GP, au shuleni. Kujiandikisha kwa GP hakuhitaji kuonyesha karatasi za uhamiaji wala uthibitisho wa anwani, na kumwona ni bure kwa kila mtu. Hospitali zina kanuni za malipo kwa baadhi ya wageni, lakini wakimbizi, na waombaji hifadhi ambao maombi yao bado yanashughulikiwa, hawatozwi. Mwenye kipato kidogo aulize kuhusu fomu ya HC1, inayoweza kumwondolea malipo ya dawa. Mashirika ya hisani ya OCD Action na OCD-UK hutoa ushauri kwa wagonjwa na jamaa zao.

Ikiwa wazo la kufa limekuwa jambo unalolitaka au unalolipangia, au huwezi kutofautisha, piga 111 na uchague namba 2, saa yoyote. Samaritans wanapatikana bure kwa 116 123, usiku na mchana. Maisha yakiwa hatarini sasa hivi, piga 999. Kwa 111 na 999, sema neno moja tu kwanza, "Swahili", na usikate simu wakati mkalimani anatafutwa.